Chumba cha watu wawili na hodi iliyopotea

SWALI: Shikamoo, mshauri. Niko mwaka wa kwanza chuoni, naishi hosteli, chumba cha watu wawili. Mwenzangu ni mtu mzuri na hatujawahi kugombana. Shida ni kwamba yupo muda wote. Anasomea chumbani, anakula chumbani, anaongea na simu kwa spika, na marafiki zake wakija wanakaa kitandani kwangu kwa kuwa ndicho kilicho karibu na mlango. Nyumbani tulilala wanne chumba kimoja na sikuwahi kujisikia hivi. Sasa nakaa maktaba mpaka inafungwa, na nikirudi nikaona mwanga chini ya mlango, moyo unashuka. Nikitaka kuongea na mama naenda kukaa kwenye ngazi. Nikitaka kulia naingia bafuni nafungulia maji. Nimeanza kuwakwepa hata wenzangu wa darasani ambao hawajanikosea lolote. Je, nina roho mbaya? Na nihame chumba au nivumilie?

JIBU: Marahaba, binti yangu.

Nianze na roho yako, maana nahisi ndiyo iliyokusukuma kuandika. Huna roho mbaya. Mwenye roho mbaya hafungulii maji ya bafuni ili kilio chake kisimsumbue mwenzake. Moyo wako haushuki pale mlangoni kwa sababu unamchukia aliye ndani. Unashuka kwa sababu tangu alfajiri hujapata hata dakika kumi za kutotazamwa na mtu, na ule mwanga unakuambia kwamba hata sasa huzipati.

Kuna sentensi moja umeipita haraka, nami nataka kurudi hapo: nyumbani mlilala wanne na hukuwahi kujisikia hivi. Basi shida si idadi ya watu wala ufinyu wa chumba. Fikiria mlivyoishi kule. Ukijifunika shuka mpaka kichwani, ndugu zako walijua usisemeshwe. Mmoja akibadili nguo, wengine waligeuka bila kuambiwa. Kulikuwa na hodi hata pale ambapo hapakuwa na mlango, na hodi hiyo mliijenga kwa miaka mingi, kwa kugombana na kupatana, hadi mkasahau kwamba mliijenga. Huko hosteli mmekutana wageni wawili, mkakabidhiwa kila mtu ufunguo wake, na hakuna aliyemfundisha mwenzake namna ya kumbishia. Mwenzako hajui lini umefunga. Nawe hujamwambia.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Irwin Altman, alilieleza jambo hili mwaka 1975 kwa namna ambayo naitumia hadi leo ninapokaa na wanafunzi. Kwake, faragha si kuwa peke yako. Faragha ni kuwa na uwezo wa kuamua nani akufikie, lini, na kwa kiasi gani. Mtu aliyefungiwa peke yake huku anatamani watu ameikosa, na mtu aliyezungukwa na watu huku anatamani utulivu ameikosa vilevile. Mwaka 1980 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokuwa wakiishi mabwenini katika Chuo Kikuu cha Utah. Waliwauliza hufanya nini wanapotaka kujitenga, na hufanya nini wanapotaka kuwa na watu. Waliobaki chuoni walikuwa na njia nyingi zaidi, na zilizowafaa zaidi, kuliko wale ambao baadaye waliacha masomo. Wewe kwa sasa una njia tatu: maktaba, ngazi na bafu. Zote tatu ni za kukimbia. Huna hata moja ya kufunga ukiwa ndani.

Na kule kuwakwepa wenzako wa darasani, hilo nalo lina maelezo yake. Katika miaka ya 1970 watafiti Andrew Baum na Stuart Valins waliwalinganisha wanafunzi wa mabweni ya namna mbili. Kundi moja liliishi kwenye vyumba vilivyopangwa kando ya korido ndefu, watu wengi wakitumia bafu na sebule moja. Kundi la pili liliishi kwenye vyumba vichache vilivyokusanywa pamoja. Nafasi aliyopata kila mtu ilikaribiana sana. Lakini wale wa korido ndefu, ambao kutwa walikutana na watu wasiowachagua, walihisi wamebanwa zaidi, na hata walipotolewa bwenini wakakalishwa chumba cha kusubiri na mtu wasiyemjua, walikaa mbali naye zaidi na kumtazama kidogo. Uchovu wa bwenini walitoka nao nje. Hicho ndicho kinachokupata. Hujabadilika tabia. Umeishiwa, na anayeishiwa huwanyima hata wasiomdai.

Sasa tuje kwenye la kufanya. Watu wengi wakiniuliza hili hutarajia niwaambie wagawane chumba: upande huu wangu, upande ule wako. Hilo lina nafasi yake, nitalifikia. Lakini chumba kidogo hakigawanyiki sana. Kinachogawanyika vizuri ni muda, na ndipo ningependa uanzie.

Niliwahi kukaa na wanafunzi wawili waliokuwa na malalamiko kama yako, ila wao walikuwa wameshaacha kusalimiana. Nikawaambia watoe ratiba zao za vipindi. Nikachukua karatasi, nikachora siku saba, tukajaza: huyu yuko darasani hapa, yule yuko maabara hapa. Tulipofika Alhamisi alasiri wote wawili walinyamaza. Hakuna aliyekuwa na kipindi kuanzia saa nane hadi jioni. Nikauliza, huwa mnafanya nini muda huo? Mmoja akasema kwa sauti ndogo, huwa nalala nimegeukia ukuta nasubiri yeye atoke. Mwenzake akamtazama, akasema, na mimi pia. Muhula karibu mzima, kila Alhamisi, watu wawili wamegeukia kuta mbili, kila mmoja akimsubiri mwenzake aondoke, na hakuna aliyetamka neno. Waligawana ile alasiri nusu kwa nusu, na mengine yakaanza kulegea yenyewe.

Nimekueleza kisa hicho kwa sababu unaamini mwenzako ana raha na wewe ndiye unayeteseka. Huenda ni hivyo. Huenda pia anakaa chumbani kutwa kwa kuwa hana pengine pa kwenda, hajapata marafiki wengi kama unavyodhani, na hata yeye hushusha pumzi ukibeba begi kwenda maktaba. Hutajua mpaka umuulize.

Namna ya kumuuliza ina uzito kuliko maneno yenyewe. Usimtumie ujumbe wa simu; ujumbe husomwa kwa sauti ya hasira hata kama umeuandika kwa upole. Usimwandikie kikaratasi ukabandika kabatini. Usianze usiku mkiwa mmelala, gizani, ambapo hawezi kuona uso wako wala hana pa kwenda akiumia. Na usianze siku ile marafiki zake wametoka kukalia kitanda chako, maana utaanza na kitanda na utaishia kwenye tabia yake. Chagua mchana wa kawaida, mkiwa mmekaa au mnatembea, ambapo hakuna aliyekosa. Kisha useme jambo linalokuhusu wewe. Kwa mfano:

"Kuna kitu changu nataka nikuambie, na hakihusu kosa lolote ulilofanya. Mimi nisipopata muda wa kuwa peke yangu nachoka sana, na nimekuwa nikinyamaza. Naomba tuangalie ratiba zetu, kila mmoja apate saa mbili tatu kwa wiki ambazo chumba ni chake. Na wewe niambie, kuna kitu changu kinachokukera?"

Ukishauliza lile swali la mwisho, nyamaza. Mwachie afikiri. Akikutajia jambo, usijitetee. Sema asante, nitaliangalia. Pengine ataguna. Pengine atasema hana tatizo lolote, kisha baada ya siku tatu akumbuke jambo. Mpe nafasi hiyo.

Ombi lako liwe dogo na lenye saa. "Naomba nafasi" ni ombi ambalo hakuna mtu anayejua kulitimiza. "Naomba Jumanne kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni" linatimizika, na mwenzako ataona mwisho wake. Wewe nawe umpe saa zake, na siku yake ikifika utoke kweli, hata kama hujisikii kutoka. Nimeona mapatano mengi yakifa hapo. Mtu anadai saa zake, halafu za mwenzake anazikalia kwa kisingizio cha kichwa kuuma.

Saa hizo ukizipata, simu uiweke mbali. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeliona mara nyingi: mtu anapigania upweke wa saa mbili, anaupata, kisha anaufungulia watu mia moja waingie kupitia kioo cha simu. Saa ya kwanza lala chali. Panga nguo zako. Imba. Ongea na mama yako kwa sauti yako ya kawaida, siyo ile ya kunong'ona kwenye ngazi.

Tuje kwenye simu yake, kwa sababu hapa ushauri wa kawaida hupotosha. Kila mtu atakuambia umwombe avae hedifoni anapoongea. Lakini mwaka 2010 Lauren Emberson na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kusikia upande mmoja tu wa mazungumzo huvuruga umakini zaidi kuliko kusikia pande zote mbili. Ubongo hauwezi kubashiri neno linalofuata, basi hulikodolea macho kila likija, hata kama hutaki. Kwa hiyo ukimwondolea spika, huenda ukabaki na kelele ndogo inayokusumbua zaidi. Hedifoni ni za muziki na video, hizo mwombe azivae. Simu za maongezi, haswa zile ndefu, ni bora mkubaliane zipigwe nje ya chumba pale mmoja wenu anaposoma au amelala. Na kanuni hiyo ikufunge na wewe, ingawa wewe ndiye uliyekuwa ukitoka siku zote.

Kitanda chako ni habari nyingine, na hapo sitakuambia uvumilie. Mwaka 1966 mtaalamu wa anthropolojia Edward Hall aliandika kwamba kila mtu huizunguka nafsi yake kwa maeneo asiyoyaona kwa macho. Kwa Wamarekani aliowachunguza, eneo la ndani kabisa lilikuwa la sentimita 45 hivi, na aliyekaribishwa humo alikuwa mtu wa karibu sana. Vipimo hutofautiana kati ya jamii na jamii, lakini hata kwetu eneo la namna hiyo lipo. Kitanda chako kiko ndani ya eneo hilo hata ukiwa umetoka. Ni mahali unapolaza uso wako. Katika majaribio mengine aliyoshiriki Altman, wanamaji wawili wawili waliishi wamefungiwa kwenye chumba kidogo kwa siku kadhaa, na waliostahimili hadi mwisho walielekea kuwa wale waliogawana mapema, kitanda hiki changu, kiti kile chako. Huenda mgawanyo wa namna hiyo ndio uliowasaidia kukaa pamoja bila kuchokana.

Basi mwambie mwenzako, naye ndiye atakayewaambia marafiki zake, kwamba kitandani kwako hapakaliwi. Si lazima utoe sababu. Ila mrahisishie: kama kuna kiti, kisogeze karibu na mlango. Kama hakuna, tandika mkeka au jamvi sakafuni, pawe mahali pa wageni. Watu hukaa panapokaribia, na kitanda chako kwa sasa ndipo panapokaribia. Mkiweza kukihamisha kwenda kwenye kona ya ndani, itasaidia kuliko maneno kumi.

Mkianza kusogeza vitu, shughulikieni macho kabla ya masikio. Kinachomchosha mtu chumbani mara nyingi ni ile hali ya kila akiinua uso kukutana na uso. Geuzeni meza zitazame kuta tofauti, mkae mkiwa mmepeana migongo. Vitanda visitazamane, kama haiwezekani, mmoja alalie upande wa pili, ili vichwa vyenu visiwe mkabala. Kabati likitolewa ukutani kidogo na kusimamishwa kati ya kitanda na mlango, mtu anayefungua hatakuona moja kwa moja. Taa ndogo ya mezani kwa kila mmoja itawaokoa na ugomvi wa taa kubwa usiku. Pazia la kuzungushia kitanda ni zuri sana, haswa kwenye kitanda cha dabodeka, ila muulize kwanza mlezi wa hosteli. Kitambaa karibu na taa au soketi huleta moto, na hosteli nyingi hukataza.

Kisha tengenezeni hodi yenu. Alama yoyote itafaa mradi mmekubaliana wote wawili: kanga ikining'inia kwenye ncha ya kitanda, mtu asisemeshwe ila kwa dharura, hedifoni zikiwa kichwani, vivyo hivyo. Na mnapoingia, gongeni mlango mara mbili kabla ya kuzungusha ufunguo, hata kama chumba ni chenu. Aliye ndani apate sekunde tano za kufuta machozi au kuvuta shuka. Sekunde tano ni nyingi sana kwa mtu ambaye hana kabisa. Ila alama usiiache imening'inia kutwa nzima. Alama isiyoondolewa haisomeki tena, na mwenzako atakuwa na haki ya kuipuuza.

Kuhusu nje ya chumba, punguza maktaba. Kule unakwenda kusoma, na kusoma siyo kupumzika. Mwanasheria Alan Westin aliandika mwaka 1967 kwamba faragha ina sura nne. Kuna kuwa peke yako. Kuna kuwa na mtu wako wa ndani mkiwa mmefungiana mlango. Kuna kujihifadhi, yaani kuwa mbele ya watu huku moyo wako umeufunga nao wakaheshimu. Na kuna ile ya kuwa katikati ya watu wasiokujua. Hii ya mwisho wanafunzi wengi huidharau, nami naiona ndiyo rahisi kuipata kuliko zote. Tembea nusu saa barabarani ambapo hakuna anayelijua jina lako. Kaa kwenye benchi ambalo darasa lenu halipitii. Ingia darasa tupu jioni, kaa safu ya nyuma bila kufungua daftari. Kwa juma moja, kila unapotamani kuwa peke yako, andika saa na ulichotaka kufanya. Utaona kwamba mara nyingine ulihitaji chumba kitupu, mara nyingine ulihitaji tu asiyekujua asikusemeshe, na mara nyingine ulimtaka mama yako. Kila moja ina dawa yake.

Umeuliza kama uhame. Kwa hali uliyoieleza, bado. Usihame kabla ya mazungumzo yale, na baada yake jipe wiki tatu au nne. Ukihama leo, utamkuta mtu mwingine ambaye naye hajui hodi yako, na mazungumzo uliyoyakwepa yatakusubiri huko. Lakini kuna mambo ambayo si ya kuzungumza wala kusubiri: kama anakupiga picha bila ridhaa yako, anapekua au kuchukua vitu vyako, anamlaza mtu chumbani usiku bila wewe kukubali, anakutisha au kukugusa. Hayo mpelekee mlezi wa hosteli siku hiyohiyo, na kama hatakusikiliza nenda ofisi inayoshughulikia wanafunzi. Kwa hayo usivumilie hata usiku mmoja.

Na kuhusu kilio. Hukuniambia unalia mara ngapi, nami sitaki kukisia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kumlilia mama yake ni jambo ninaloliona kila mwaka, na kwa wengi hupungua. Lakini ikiwa kwa wiki mbili sasa unalia karibu kila siku, hulali, huna hamu ya kula, au kuamka kwenda darasani kumekuwa mzigo, usingoje ratiba ya chumba ikutibu. Nenda kwa mshauri nasaha wa chuo, mwambie hayo uliyoniambia mimi, na lile la bafuni usilifiche.

Jambo la mwisho ni kuhusu mwenzako. Umesema ni mtu mzuri, nami nakuamini. Mkishagawana saa, wekeni na saa moja ya kuwa pamoja kwa makusudi: mle pamoja, au mtembee hadi getini na kurudi. Ukimwona tu pale ambapo hukutaka kumwona, utaanza kumchukia bila sababu.

Leo usizungumze naye lolote. Nakili ratiba yako ya vipindi kwenye karatasi safi, acha nafasi upande wa kulia kwa ajili ya yake, na uiweke ndani ya daftari. Usiku ukirudi ukiuona ule mwanga, gonga mara mbili, ngoja kidogo, ndipo ufungue. Akikuuliza kwa nini umebisha hodi kwenye chumba chako mwenyewe, utakuwa umepata mahali pa kuanzia.